Waraka wa docx au odt waweza kufungwa kwa ndani: namna ya kuukagua na kuusafisha

Umbizo la ODF, ambalo mafaili yake huishia na .odt, .ods na .odp, lilikubaliwa na ISO kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006. OOXML, yaani .docx, .xlsx na .pptx, likafuata mwaka 2008. Ofisi nyingi hutosheka hapo: faili ni .docx, kiwango kipo, basi litasomeka popote. Sivyo. Kiwango kinaeleza kabati lilivyoundwa. Hakimzuii mtu kuweka ndani yake kasha lenye kufuli ambayo ufunguo wake anao muuzaji mmoja tu.

Chukua milinganyo ya hesabu. Kwa miaka mingi iliandikwa katika Word kwa kifaa kiitwacho Equation Editor 3.0, na kila mlinganyo ulihifadhiwa kama kitu cha OLE: pande la data ya baineri, yaani isiyosomeka kama matini, lililofunikwa kwa picha. Januari 2018 Microsoft ilikiondoa kifaa hicho katika Office kwa sababu za usalama. Mitihani iliyotungwa kwa njia hiyo iliendelea kuonyesha milinganyo, lakini mwalimu aliyetaka kubadili 3x iwe 5x hakuwa tena na kifaa cha kuifungulia. Kugeuza .doc kuwa .docx hakukumsaidia, kwani pande lile huhamishwa zima zima.

Fungua faili utazame ndani

Faili la .docx au .odt ni zip. Fanyia kazi nakala, usiguse faili halisi. Kwenye Windows washa kwanza uonyeshaji wa viendelezi vya majina ya mafaili, kisha badilisha .docx iwe .zip na ulifumue. Kwenye Linux au Mac amri moja yatosha:

unzip -l barua.docx

Katika .docx tazama kwanza folda ya word/embeddings. Ikiwa ipo, ndani ya waraka kuna kitu cha programu nyingine. Faili lenye jina kama oleObject1.bin ni baineri. Ili ujue ni la programu gani, tafuta neno ProgID:

unzip -p barua.docx word/document.xml | grep -o 'ProgID="[^"]*"'

Jibu likiwa Equation.3, umekutana na milinganyo ile ya zamani. Iandike upya kwa kihariri cha sasa cha Word, ambacho huihifadhi kama XML, yaani matini yenye lebo, au kwa Math ya LibreOffice, programu huria za ofisi. Fanya hivyo mapema, angali yupo anayekumbuka mlinganyo ulisema nini.

Ukikuta faili la .xlsx humo ndani, simama. Huenda mtu alinakili chati au jedwali kutoka Excel akalibandika kwenye Word, na kitabu kizima cha Excel kikaingia pamoja nalo. Chati ya bajeti yenye nguzo tano inaweza kuwa imebeba karatasi ya mishahara ya wafanyakazi wote, na anayepokea waraka huifungua kwa kubofya mara mbili. Bandika chati kama picha. SVG ni bora kwa mistari na maandishi. PNG inafaa ikiwa na upana wa kutosha. Kwa picha ya sentimita 16 itakayochapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, unahitaji pikseli 1,890 hivi. Data yenyewe iambatishe kando kama .csv, ikiwa msomaji anaihitaji.

Halafu fungua word/media. Picha za .png, .jpg na .svg hazina neno. Za .emf na .wmf ni orodha ya amri za kuchora za Windows, na nje ya Windows maandishi yake hupotoka au mistari hupotea. Zifungue kwa Inkscape au LibreOffice Draw, uzitoe kama SVG, ulinganishe na ya awali kabla ya kuibadilisha.

Makro, yaani programu ndogo zilizomo ndani ya waraka, hukaa katika vbaProject.bin, ndani ya mafaili ya .docm na .xlsm. XML yote iliyobaki ikiwa safi namna gani, kazi iliyoandikwa kwa VBA, lugha ya makro ya Microsoft, itategemea Office. LibreOffice huendesha sehemu ya VBA, si yote. Ikiwa makro hujumlisha tu au kupanga orodha, iondoe utumie fomula za kawaida. Ikiwa ndiyo inayoendesha shughuli ya ofisi, iandike upya nje ya waraka, kwa Python kwa mfano, na waraka ubaki kuwa waraka.

Fonti

Hapa ndipo watu wengi hukwama bila kujua. Kwa kawaida faili haliwi na fonti ndani yake. Lina jina la fonti tu. Calibri ilikuwa fonti ya kawaida ya Word tangu toleo la 2007, na mwaka 2023 nafasi yake ikachukuliwa na Aptos. Zote ni mali ya Microsoft. Kompyuta isiyo nazo huweka fonti nyingine, na upana wa herufi ukitofautiana hata kidogo, mstari hukatika mahali pengine, aya husogea, sahihi huangukia ukurasa wa peke yake, na orodha ya yaliyomo husema ukurasa wa 14 wakati sura iko wa 15.

Zipo fonti huria ambazo kila herufi ina upana sawa na ya fonti inayochukuliwa nafasi: Carlito kwa Calibri, Caladea kwa Cambria, Liberation Serif kwa Times New Roman, Liberation Sans kwa Arial, Liberation Mono kwa Courier New. Zisakinishe kwenye kila kompyuta ya ofisi, kisha ziweke kwenye kiolezo, usibadilishe waraka mmoja mmoja. Katika Word kuangaza maandishi yote na kuchagua fonti mpya hakutoshi, kwa sababu kijachini, chati na mitindo ambayo hujaitumia bado hufuata fonti ya mandhari. Nenda Design, Fonts, Customize Fonts, badilisha zote mbili, ya vichwa na ya matini, kisha hifadhi kama .dotx.

Kupachika fonti ndani ya faili ni njia ya pili, na mimi naiona dhaifu. Baadhi ya fonti za biashara haziruhusu kupachikwa, na zinazoruhusu huongeza ukubwa wa faili. Katika .docx huhifadhiwa kama .odttf, ambayo baiti zake 32 za mwanzo zimevurugwa kwa makusudi, kwa hiyo huwezi kuitoa na kuisakinisha hivi hivi. Pachika pale tu unapotumia fonti huria isiyo ya kawaida, kama Scheherazade New kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Usisahau alama za orodha. Tiki na vidoto vya Word mara nyingi hutoka Wingdings au Symbol, na ndani ya faili si tiki: ni namba kama F0FC, katika eneo la Unicode lililoachwa kwa matumizi ya faragha. Bila Wingdings namba hiyo haina maana, na msomaji huweza kuona kisanduku kitupu. Tumia ✓ (U+2713) na • (U+2022), ambazo ni herufi kamili za Unicode. Katika fomu ya maombi kosa hili ni zito, kwani tiki ndilo jibu lenyewe.

Na zile nukta za kujazia jina na tarehe, zilizopigwa moja moja hadi mwisho wa mstari, hukatika mara fonti inapobadilika. Weka kituo cha tabo chenye nukta za kuongoza.

Docx ziko mbili

ISO ilipopitisha OOXML iliigawa: Strict, iliyo safi, na Transitional, iliyobeba masalia ya matoleo ya kale. Miongoni mwa masalia hayo kuna mpangilio uitwao autoSpaceLikeWord95. Rasimu ya mwanzo ilimtaka mtengenezaji wa programu aige tabia ya Word 95 bila kumweleza tabia hiyo ni ipi. Word huhifadhi kwa Transitional usipoiambia vinginevyo. Tangu toleo la 2013 unaweza kuchagua "Strict Open XML Document" katika Save As. Kuhakikisha, fungua word/document.xml kwa kihariri cha matini: Strict hutaja purl.oclc.org/ooxml mwanzoni, Transitional hutaja schemas.openxmlformats.org/wordprocessingml.

Strict si dawa ya kila kitu. Baadhi ya programu ndogo, hasa za simu, hushindwa kuifungua. Kwa waraka utakaohaririwa kwa miaka mingi chagua .odt; Strict itumie pale unapolazimika kupeleka .docx na mpokeaji amethibitisha kwamba anaisoma.

Lahajedwali hudanganya kimyakimya

Katika .xlsx kila seli yenye fomula huhifadhi pia jibu la mwisho. Programu isiyoijua fomula huonyesha jibu hilo la akiba, kila kitu kikaonekana sawa, hadi siku unapobadilisha namba moja na #NAME? kutokea. Fomula za karibuni hutambulika ndani ya XML kwa kiambishi _xlfn, kama _xlfn.XLOOKUP. LibreOffice imeijua XLOOKUP tangu toleo la 24.8; ofisi zenye toleo la zamani zaidi hazina. INDEX pamoja na MATCH hufanya kazi ileile karibu kila mahali. Baada ya kufungua faili kwenye LibreOffice Calc, lazimisha ukokotoaji upya kwa Ctrl+Shift+F9, ndipo uamini unachokiona.

Faili la .xlsb ni zip pia, lakini sehemu zake kuu ni .bin; lihifadhi upya kama .xlsx au .ods. Ukikuta xl/model/item.data, hiyo ni Data Model ya Excel, hifadhi ya majedwali yaliyounganishwa, nayo ni baineri: toa majedwali yake nje kama .csv.

Wanaonakili rejista za zamani wawe waangalifu zaidi. Excel huamini kwamba tarehe 29 Februari 1900 ilikuwepo, kosa lililorithiwa kutoka Lotus 1-2-3, na haihesabu kabisa tarehe za kabla ya 1900. Tarehe zilizotangulia 1 Machi 1900 ziandike kama matini, mwaka kwanza: 1898-07-23.

ODF nayo ikaguliwe

LibreOffice kwa kawaida huhifadhi ODF iliyoongezewa vitu vyake yenyewe. Utaviona ndani ya content.xml vikianza na loext. Ukitaka kiwango kitupu, nenda Tools, Options, Load/Save, General, uchague toleo la 1.3 lisilo na neno Extended. Utapoteza baadhi ya mapambo, basi linganisha kurasa kabla ya kufuta nakala ya awali. Tazama pia settings.xml: mara nyingine hubeba jina la printa yako, na mipangilio yake katika PrinterSetup.

Jaribio la mwisho

Chukua kompyuta isiyo na Office wala fonti zake, kisha geuza waraka kuwa PDF kwa LibreOffice na uorodheshe fonti zake kwa pdffonts:

soffice --headless --convert-to pdf barua.docx
pdffonts barua.pdf

Idadi ya kurasa ilingane na ya awali, na pdffonts isitaje fonti usiyoichagua. Ikitaja DejaVu wakati uliweka Carlito, kuna sehemu bado inaita fonti isiyopo. Mara nyingi ni kijachini au seli ya jedwali. Rudi kwenye LibreOffice, peleka kishale kwenye maandishi yenye shaka: jina la fonti likionekana kwa herufi za italiki kwenye upau wa juu, hiyo ndiyo inayokosekana.