Kutafuta konokono wadogo wa msitu wa Ngezi

Juzi nilimsaidia mwanafunzi mmoja aliyekuwa na mfuko wa majani yaliyooza kutoka Ngezi, kaskazini-magharibi mwa Pemba. Siku 2 za kazi, magamba 4 tu. Tulipouchambua upya, tulipata zaidi ya 40.

Hatua ya 1: Kibali cha idara ya misitu.

Hatua ya 2: Zoa majani pamoja na udongo wa juu, hasa chini ya magogo na kwenye mashina. Tumia mfuko wa nguo. Wa plastiki unatoa jasho na konokono walio hai wanakufa.

Hatua ya 3: Chekecha. Chekecheke ya chini iwe na matundu ya nusu milimita, maana wapo konokono wasiofika milimita 2. Walio hai waokote sasa hivi.

Hatua ya 4: Fanya magamba yaelee majini. Hapa ndipo mwanafunzi wangu alipokwama, na mimi niliwahi kupoteza siku nzima hapa hapa. Gamba tupu huelea kwa sababu ya hewa iliyomo ndani. Likiwa bichi, au limejaa udongo, linazama pamoja na mchanga. Kwa hiyo anika kwanza, kivulini, mpaka udongo upukutike kama unga. Ukishika ukahisi ubaridi, bado. Msimu wa masika inaweza kuchukua wiki, nawe subiri. Kisha mimina kidogo kidogo kwenye ndoo ya maji, koroga mara moja, acha maji yatulie, chota kwa chujio la chai. Kilichozama usikimwage! Kianike tena, urudie. Yule mwanafunzi alikuwa amemwaga vitu vibichi ndooni, ila kwa bahati mashapo aliyahifadhi.

Hatua ya 5: Chambua kwa lenzi ya mara 10 na brashi laini yenye unyevu. Kibano sikitaki kabisa mezani. Jamii ya Gulella, wawindaji wanaokula konokono wenzao, hutambuliwa kwa vijino vilivyo kwenye mdomo wa gamba, na kibano huanza kuvunja hapo hapo.

Hatua ya 6: Wenye miili watie kwenye spiriti ya asilimia 70 au zaidi. Fomalini, ile dawa nyingine ya kuhifadhia viumbe, ina asidi, italila gamba. Lebo iandikwe kwa penseli, ikae ndani ya chupa: tarehe, mahali hasa, na aina ya mti uliokuwa juu.