Jinsi ya kukaa ili macho yasichoke, kwa sisi wa laptopu na simu

Tuelewane kwanza, kukaa wima hakukuvui miwani. Wengi wasioona mbali ni jicho lenyewe limerefuka, na hakuna zoezi la shingo la kulifupisha, wanaokuuzia hilo waache na biashara yao. Ila ile ya jioni macho yanawaka, maandishi yanacheza, kisogo kinagonga, hapo mkao unachangia, maana ukiinama unajikuta umeisogelea skrini bila kujua na msuli wa ndani ya jicho unakaza muda wote.

Mi nilikuwa napiga kazi kitandani, geto Sinza, laptopu mapajani mpaka saa nane usiku. Siku hizi nimepindua kreti la soda juu ya meza, laptopu juu yake, ukingo wa juu wa skrini unakuwa usawa wa macho au chini kidogo, umbali sentimita 50 mpaka 70. Tafuta na kibodi ya pembeni aisee, bila hiyo mabega yatapanda mpaka masikioni.

Simu sasa. Funga ngumi, iweke shavuni, kiwiko kilipoishia ndo simu ikae, isisogee karibu zaidi ya hapo. Na uinyanyue yenyewe, usiifuate na kichwa, kichwa kina kilo kama 5 na mbebaji ni shingo. Kwenye daladala umening'inia kwenye bomba haiwezekani, weka tu mfukoni.

Zoezi: simama mgongo ukutani, rudisha kidevu nyuma kama unatafuta kidevu cha pili, hesabu mpaka 5, achia, mara 10 asubuhi na jioni. Utaonekana kituko, fungia mlango.

Halafu kila dakika 20 angalia kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, mi naangalia mwembe wa jirani. Na upepese, kwenye skrini tunasahau kabisa kupepesa, macho yanakauka, na hili joto la Dar feni unaielekeza usoni ndo balaa, igeuze ikupige mgongoni.

Ila kama uko kituoni unalijua gari la Mbagala kwa rangi ya mstari tu, maandishi huyasomi mpaka lisimame mbele yako, hiyo siyo ya mkao tena, nenda kapime macho Muhimbili au CCBRT, na usiazime miwani ya mshkaji.