Kabla hujafunga tela, fungua mlango wa dereva

Mtu akiniuliza pikapu yake inabeba kiasi gani, sitazami bodi wala injini. Nafungua mlango wa dereva. Pale kwenye nguzo pana kibati au karatasi yenye uzito wa juu unaoruhusiwa: gari, mafuta, watu na mzigo kwa pamoja. Toa uzito wa gari tupu lenye tenki lililojaa. Tuseme kibati kinasema kilo 2,900 na gari tupu ni 1,950. Una 950. Nyingi, eh? Subiri.

Watu watano wa kilo 80 wameshakula 400. Sasa funga tela la kilo 2,500. Pua yake, ile ncha ya mbele inayofungwa kwenye gari, hulikalia gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela. Tuchukue 12, ni kilo 300, na zinatoka humo humo. Zimebaki 250: mifuko mitano ya saruji ya kilo 50, basi. Ndiyo maana ile namba ya kukokota inayotangazwa kwa mbwembwe hainibabaishi. Injini itavuta tu. Kinachowahi kuisha ni uwezo wa kubeba.

Pua ipime, usikisie. Mizani ya bafuni inatosha. Laza ubao imara wa sentimita 120, ncha moja juu ya mizani, nyingine juu ya tofali lenye kimo sawa na mizani. Soma uzito wa ubao kwanza. Kisha shusha mguu wa pua ya tela juu ya ubao, sentimita 40 kutoka kwenye tofali, soma tena, toa ule uzito wa ubao, zidisha mara 3. Ikiwa chini ya asilimia 10 ya uzito wa tela, sogeza mzigo mbele ya ekseli, la sivyo tela litakuyumbisha ukishika kasi.

Mchanga ndio mjanja kuliko mizigo yote. Mita moja ya ujazo, mkavu, hukaribia kilo 1,600. Ukilowa hupita hapo. Niliwahi kuurundika nyuma kabisa ya bodi, usiku, taa zikawa zinamulika matawi ya miti na usukani umekuwa mwepesi kama wa mwanasesere. Na usinitajie springi za kuongeza: zinainua mkia, breki na ekseli ni zile zile.

Ukishatembea kama kilomita 20, simama. Kagua minyororo inayofunga tela kwenye gari, kisha sogeza kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu la tela bila kugusa. Kinachotoa joto kuliko wenzake kina breki inayoshika au beringi inayokufa.