Konveta ya Volti 12 Kwenda 5: Ikosee Kwenye Kompyuta Kwanza

Mteja wangu wa kwanza wa kifaa hiki alikuwa mvuvi wa dagaa hapa Mwanza. Mtumbwini ana betri ya volti 12 ya kuwashia taa za LED usiku wa giza, akataka ichaji na simu. Nikapiga hesabu nyuma ya risiti, nikalehemu, nikamkabidhi. Siku ya tatu karudi: "Fundi, simu inasema inachaji, lakini asilimia hazipandi." Na huyo alikuwa na bahati. Ndani ya kile kiboksi kulikuwa na kosa la pili ambalo lingeiunguza simu yenyewe, ila nililigundua baadaye, nilipokaa na kuichora saketi yangu kwenye LTspice.

LTspice ni programu ya bure ya kuchora na kujaribu saketi kwenye kompyuta, na hata kompyuta yangu kuukuu inaimudu. Nitakuonyesha ninavyoitumia sasa, kwa saketi ileile: kutoka volti 12 kwenda 5, ampea 3.

Utaniuliza, kwa nini usifunge 7805, ile chipu ya kushusha volti, ukamaliza? Kwa sababu 7805 hushusha volti kwa kuzigeuza joto. Kwa kila ampea 1 unaipa simu wati 5 na kutupa wati 7 hewani, na betri ya mvuvi si ya kuchezea. Konveta ya swichi haitupi hivyo. Swichi ikifunga, koili inavuta mkondo kutoka kwenye betri na kuhifadhi nishati kama sumaku. Swichi ikiachia, koili inaendelea kusukuma mkondo uleule kupitia dayodi. Kapasita inalainisha kinachotoka.

Anza na karatasi. Sehemu ya muda ambao swichi imefunga, tuiite D, ni volti za kutoka gawanya kwa za kuingia: 5 ÷ 12 = 0.417. Nimechagua masafa ya kilohezi 100, yaani kila mzunguko ni mikrosekunde 10. Koili usiipigie hesabu kwa volti 12. Betri ikiwa inachajiwa hufika 14.4, na hapo ndipo mkondo wa koili unapotikisika zaidi. D inakuwa 0.347. Ukikubali mtikisiko wa ampea 0.9, yaani asilimia 30 ya mzigo:

L = (14.4 − 5) × 0.347 ÷ (100,000 × 0.9) = mikrohenri 36

Mimi naweka 47. Mtikisiko unashuka hadi ampea 0.69 hivi, na kilele cha mkondo kinakuwa kama 3.35. Kilele hicho ndicho koili inapaswa kukihimili bila sumaku yake kujaa.

Koili yenyewe naitengeneza kwa ile pete ya njano yenye upande mweupe, iliyomo kwenye pawasaplai mbovu za kompyuta. Hujui namba yake? Zungusha waya mara 10, pima kwa mita ya LCR, ile inayopima koili na kapasita. Ukipata mikrohenri 9.3, kumbuka kwamba henri hukua kwa mraba wa mizunguko: mizunguko 23 itakupa karibu 49. Inatosha, maana mkondo ukipita henri hupungua kidogo.

Sasa fungua LTspice. Chora betri ya volti 12, swichi, dayodi, koili, kapasita ya mikrofaradi 220, na mzigo wa omu 1.67. Swichi iendeshwe na chanzo cha mapigo:

PULSE(0 1 0 20n 20n 4.17u 10u)

Kisha andika:

.model SW SW(Ron=0.2 Roff=1Meg Vt=0.5)
.tran 0 10m 0 50n

Ile 50n ya mwisho usiisahau. Inailazimisha programu isipige hatua ndefu kuliko nanosekunde 50. Ukiiacha huru inaweza kukuchorea mawimbi yenye pembe za ajabu ukadhani saketi ni mbovu.

Hapa ndipo nilipofungua macho. Kwenye karatasi yangu kila kitu kilikuwa kisafi: waya hauna ukinzani, dayodi haili kitu. Kwenye modeli weka uchafu wote. Koili ipe omu 0.05. Swichi ina omu 0.2, kama mosfeti (transista ya kuswichi) ya P ya kawaida. Dayodi iwe Schottky, nayo inakula karibu nusu volti, tena kwa zaidi ya nusu ya muda. Endesha, na ile volti 5 inakuwa 4.4 hivi. Ongeza waya mrefu mwembamba wa kuchajia, na utaelewa kwa nini asilimia za mvuvi hazikupanda.

Halafu badilisha mzigo. Toa omu 1.67, weka 100, kana kwamba simu imechomolewa imebaki taa ndogo ya kuonyesha. Volti zinapanda kupita 8. Weka omu 1000: zinapita 10. Mzigo ukiwa mwepesi, mkondo wa koili hufika sifuri kabla mzunguko haujaisha, na ile hesabu ya D mara volti za betri haifanyi kazi tena. Kiboksi changu cha kwanza kilikuwa na 555, chipu ya kutoa mapigo, inayopiga D ileile muda wote. Simu ya pili kuchomekwa ingekutana na hizo volti.

Kwa hiyo lazima kuwe na rejesho, yaani kitu kinachopima volti za kutoka na kurekebisha D. Njia fupi ni LM2596, chipu yenye swichi na kidhibiti ndani. Mimi napenda TL494, chipu ya kudhibiti tu, kwa kuwa nayo inapatikana kwenye pawasaplai zilezile mbovu. Kinza cha kiloomu 11 na kapasita ya nanofaradi 1 vinakupa kilohezi 100. Weka pia mwanzo wa taratibu: kapasita kati ya pini 14 na pini 4, kinza kutoka pini 4 kwenda ardhini. Bila hiyo, modeli itakuonyesha volti zikiruka kupita 6 kwenye milisekunde ya kwanza.

Ukitaka kurekebisha hilo rejesho, usiendeshe modeli ya swichi, utazeeka ukisubiri. Wahandisi Middlebrook na Ćuk walionyesha mwaka 1976 kwamba unaweza kutumia wastani: ondoa swichi na dayodi, weka chanzo kimoja kinachotoa D mara volti za betri. Inakimbia mara moja. Ila wastani hautakuonyesha mtikisiko, na ukiuandika kirahisi hivyo hautakuonyesha lile janga la mzigo mwepesi.

Kapasita ya kutoka iliwahi kunidanganya. Kwa mikrofaradi 220 hesabu inasema mtikisiko ni milivolti 4. Lakini kapasita ya kawaida ina ukinzani wake wa ndani. Ukiwa omu 0.1, zidisha kwa ampea 0.69 upate milivolti 69. Kuongeza mikrofaradi peke yake hakukusaidii sana. Tafuta yenye ukinzani mdogo, au weka mbili sambamba.

Kwenye bodi, kapasita ya kuingilia, swichi na dayodi vikae vimebanana. Mkondo pale unakatwa mara 100,000 kwa sekunde, na kila sentimita ya waya inageuka antena. Fyuzi iwe upande wa betri.

Kabla simu ya mtu haijagusa, nafunga vikinza vitatu vya omu 5, wati 10 kila kimoja, sambamba, naacha saa nzima. Nagusa koili, napima volti, navitoa vikinza nikiwa bado naangalia multimita. Mwisho nawasha redio ya mkulima pembeni. Ikinguruma, nafungua tena na kuisogeza ile kapasita ya kuingilia.