Somo: Jinsi wanawake wa Uskoti walivyoandaa vifuko vya kufungia majeraha ya askari

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, pamba iliadimika hospitalini, kwa kuwa ilihitajika pia viwandani kutengenezea baruti na sare. Charles Cathcart, daktari mpasuaji wa Edinburgh, alihimiza itumike sfagnamu, aina ya kuvumwani inayoota kwenye vinamasi, na kufikia 1918 vifuko vipatavyo milioni 1 vilikuwa vikitoka Uingereza kila mwezi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wanawake waliojitolea bila malipo, nayo ilikwenda hivi.

Hatua ya 1: Kuvuna. Si kila sfagnamu ilifaa. Iliyopendelewa ni ile yenye majani manene. Wavunaji waliingia kinamasini, wakaing'oa na kuikamua papo hapo, maana ikiwa imelowa magunia yalikuwa hayabebeki.

Hatua ya 2: Kukausha. Ilitandazwa nje hewani, lakini haikuachwa ikauke kabisa, kwani ingevunjikavunjika na kuwa vumbi.

Hatua ya 3: Kuchambua. Hapa ndipo palipohitaji subira kuliko kwingine kote, na kwa maoni yangu ndipo ubora wa kifuko ulipoamuliwa. Wanawake waliketi mezani, mbele yao fungu la sfagnamu yenye unyevunyevu, wakaipitia shina kwa shina huku wakitoa nyasi, mizizi na vijiti, kwa sababu kijiti chembamba kilichosahaulika kingeweza kumchoma majeruhi kila anapojigeuza kitandani. Haikuwapo mashine ya kuifanya kazi hiyo kama vidole vyao.

Hatua ya 4: Kujaza. Sfagnamu ilitiwa ndani ya vifuko vya melimeli bila kushindiliwa, ili ipate nafasi ya kuvimba inaponyonya damu. Vifuko vilishonwa midomo, kisha vikatakaswa dhidi ya vijidudu kabla ya kutumika.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, hii haikuwa njia ya kujishikiza tu mpaka pamba ipatikane?
Jibu: Hapana, dada yangu. Sfagnamu hunyonya maji hadi takriban mara 20 ya uzito wake, kiasi ambacho pamba haikifikii hata kwa mbali, kwa kuwa sfagnamu imejaa seli tupu zinazohifadhi maji. Tena unyevu husambaa kifuko kizima kabla ya kuvuja nje, hivyo jeraha halikuhitaji kufunguliwa mara kwa mara.

Swali: Je, ilisaidia kuzuia usaha?
Jibu: Ndiyo, kwa kiasi fulani. Ina asidi, na bakteria wengi hawastawi penye asidi.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Kazi hii ilifanyika Uskoti peke yake?
Jibu: Marahaba. La, ilifanyika pia Ayalandi, Dartmoor huko Uingereza, Kanada na Marekani. Wajerumani nao walikuwa wameijua tangu karne ya 19.

Swali: Nikiipata leo, naweza kufungia kidonda nyumbani?
Jibu: Nakusihi usifanye hivyo. Sfagnamu inaweza kubeba kuvu anayeingia mwilini kupitia mchubuko na kusababisha vidonda vya ngozi, hata kwa watunza bustani wanaoishika kwa mikono mitupu. Tumia bendeji safi, na jeraha kubwa lipeleke hospitali.