Kumpeleka mgeni kwa msukaji ukili: ninavyofanya Jambiani

Mwongozo huu ni wa mtembeza watalii mwenzangu. Mgeni wetu analala Paje au Jambiani, vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, lakini msala (mkeka wa kuswalia, unaoshonwa kwa ukili, yaani mshipi uliosukwa kwa ukindu, majani ya mkindu) anakwenda kuununua mjini, kwa bei ambayo bibi aliyeusuka hajawahi kuiona. Hivi ndivyo ninavyojaribu kuipeleka ile pesa barazani kwake.

Hatua ya 1: Tazama maji kabla ya kuahidi siku

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ni bamvu. Asubuhi bahari inakupwa mbali, na wanawake wengi wako kwenye mwani. Ukibisha hodi saa nne utapokewa na watoto. Chagua siku za maji mafu, bahari inapokupwa kidogo tu, au nenda alasiri. Ijumaa mchana usiende kabisa.

Hatua ya 2: Mpe habari mwenyewe, mpange kazi

Niliwahi kumpelekea bibi mmoja wageni 14 bila ya taarifa. Chane zake, vile vipande vyembamba vya ukindu, zilikuwa kavu, na chane kavu ukiikunja inakatika. Lazima uirowanishe kwanza. Basi hakukuwa na kusuka. Wageni wakapiga picha, wakanunua kipochi kimoja, wakapanda gari. Bibi akaniambia, "Leo umeniletea macho tu, mwanangu."

Siku hizi sizidishi watu 6. Wanakaa chini mkekani, viatu nje, mabega yamefunikwa (kanga mbili tatu hazikosi garini mwangu). Bibi anaanza kwa kuuchana ukindu, halafu kila mgeni anapewa chane chache aanze ukili wake. Utakwenda upande, utalegea, atafumua. Baada ya nusu saa ya tabu hiyo, sijaona mgeni anayeomba apunguziwe bei ya msala. Picha zinapigwa mwisho, tena kwa ruhusa.

Hatua ya 3: Somo lilipwe mbali na bidhaa

Ada ya kufundishwa mgeni anaitia mkononi mwa bibi, anunue au asinunue. Malipo yangu yamo kwenye bei ya safari. Kamisheni ya kikapu sichukui. Wenzangu wananicheka, na wacheke.

Hatua ya 4: Hesabuni siku, ndipo mtaje bei

Kaeni na bibi mhesabu: kukata ukindu, kuanika, kuchemsha rangi, kusuka, kushona. Tuseme msala umekula siku 9 na unauzwa shilingi 18,000. Hiyo ni 2,000 kwa siku, na bado hamjatoa pesa ya rangi. Andikeni bei mpya kwenye kikaratasi, mkifunge kwa uzi. Bei iliyoandikwa humpunguzia bibi haya ya kuitaja.

Hatua ya 5: Kagua

Sugua kila bidhaa kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikishika rangi, bidhaa hiyo itachafua nguo za mgeni sandukuni. Kitu chenye unyevu kirudi juani, kisije kikaota ukungu. Anayekwenda Australia au New Zealand mwambie akitangaze kikapu chake uwanja wa ndege wa huko, maana vitu vya mimea hukaguliwa.

Hatua ya 6: Oda itoke wakati wa masika

Machi hadi Mei wageni ni haba na mifuko ni mitupu. Hapo ndipo hoteli inayotaka makawa (vifuniko vya chakula) na vikapu vya Julai itoe oda, na nusu ya pesa mbele. Ila ukindu unataka jua: ukatwe na uanikwe mapema, wakati wa kaskazi, kabla ya mvua. Kusuka ni kazi ya ndani, mvua inyeshe itakavyo.