Uliza "lini" kabla ya "kwa nini"

Wale mnaofanya risachi za vita na siasa huku Lamu, nimejifunza hii juzi barazani: ukimhoji mtu usianze na "kwa nini ilitokea", anza na "siku ile ulikuwa wapi, kukaanza nini, kisha nini". Mtu ukimuuliza kwa nini, atakupa ya redio. Chukua shambulio la Mpeketoni huku Lamu, Juni 2014: Al-Shabaab walisema ni wao, Uhuru, rais wa wakati ule, akasema ni siasa za hapa hapa, basi kila mtu ashachagua upande zamani na atakurudishia huo huo. Lakini ukimuuliza lini atarudi kwa macho yake, atakwambia ilikuwa usiku, watu waangalia mpira wa Kombe la Dunia, akaskia risasi, akazima taa, na hapo ndipo utaanza kuona nani alitafutwa na nani aliachwa, na yale ya mashamba tangu skimu ya serikali ya kugawia watu ardhi miaka ya 70 yanatoka yenyewe bila wewe kuyachokoza. Tarehe akisahau mshikize kwa msimu, kusi au kaskazi, kabla ya Ramadhani au baada, wazee wetu wengi hukumbuka hapo.

Haifanyi kazi mkiwa wengi, mmoja akishasema wote wafuata. Na aliyefiwa usimpeleke saa kwa saa, tafadhali, huko ni kumtonesha kidonda. Akinyamaza funga daftari, mnywe chai.